Nilivyowafanya watu waniulize mimi, si binti yangu

Siku ya kwanza kurudi sokoni baada ya macho yangu kuzima, nilikwenda na binti yangu, wakati huo ana miaka 14. Tulisimama mbele ya muuza mchele wa jumla ambaye nilikuwa nimenunua kwake miaka sita. Nikamsalimu, akaitikia. Kisha nikasikia sauti yake imegeukia upande wa pili: "Mama anataka magunia mangapi?" Mtoto akajibu. "Atalipa taslimu?" Mtoto akajibu tena. Mchele ni wa duka langu, pesa iko kwenye mkoba wangu, na bei naijua kuliko wao wawili, lakini nilisimama pale kama mzigo unaosubiri kupimwa.

Kuona kwangu kulichukuliwa na presha ya macho. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Unaanza kula pembeni, taratibu, na neva ya jicho ikishakufa hakuna dawa wala upasuaji wa kuirudisha. Nilifika hospitali nimechelewa. Hilo nililia, nikalimaliza. Nisilolitarajia ni watu. Huyu anapaza sauti kana kwamba na masikio yamekwenda. Yule anakudaka mkono anakuvusha barabara ambayo hukutaka kuivuka. Mwingine anakwambia, "Haya, mimi nani? Nitambue!" unabaki umeshika kiganja usichokijua, mwenyewe anacheka. Ndani ya ukoo nao walikuwepo walionong'ona kwamba nimetupiwa jambo kwa sababu duka lilikuwa linakwenda vizuri.

Siku moja nimekaa kituoni nasubiri daladala, mtu akaniwekea sarafu mapajani, akaenda zake bila salamu. Iliniuma kuliko yote, maana sarafu ile nami nimewahi kuiweka. Palikuwa na mzee asiyeona aliyekuwa akikaa nje ya msikiti wa mtaani kwetu. Miaka nenda rudi nilimwachia pesa, na sikuwahi hata mara moja kumwambia shikamoo. Mzee mwenye macho nisingethubutu kumpita hivyo.

Baada ya siku ile ya sokoni nilikaa na binti yangu tukakubaliana. Mtu akimuuliza yeye jambo langu, anyamaze. Asijibu kwa jeuri, asininyooshee kidole, anyamaze tu. Mimi nitajibu, uso wangu nimeuelekeza kwenye sauti ya aliyeuliza. Ni kazi ngumu kwa mtoto aliyelelewa kumwitikia mkubwa. Tuliporudi kwa yule muuza mchele, kiganja cha binti yangu kilikuwa kinatoka jasho ndani ya changu. Swali likaja kwake, kimya. Nikasema, "Magunia mawili, kaka yangu, na leo naomba mchele mpya." La pili likaenda kwake tena, kimya, nikajibu. La tatu aliniuliza mimi.

Tukaendelea hivyo zahanati, kwa fundi cherehani, kwa wakala wa pesa za simu. Huyu wa mwisho alisema, "Nitajie tu namba ya siri, mama, nikubonyezee." Nikamwambia simu yangu ya vitufe ina kipele juu ya 5, na kutoka hapo vidole vyangu vinazijua namba zote. Baadaye nilipata simu janja yenye programu ya kusoma skrini. Ujumbe wa muamala nausikiliza mwenyewe kwenye spika ya sikioni.

Dukani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga, mashaka yaliisha kwa watu kuona kazi. Choroko na dengu nazitenganisha kwa vidole, mchele wa Kyela naujua kwa harufu kabla gunia halijafunguliwa vizuri. Napima kwa mizani ya sahani mbili na mawe ya chuma. Nikishika mkono wa mizani nasikia umelala sawa au umeinama, na mteja anaona ninachokisikia. Noti nazipima kwa urefu kwenye kidole, kwa kuwa ya 10,000 ni ndefu kuliko ya 5,000. Nikipata shaka namwomba mteja aitaje kwa sauti, wateja wengine wakisikia. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, hakuhitaji kufundishwa na mtu. Tangu siku ya kwanza anabisha hodi, anataja jina lake, anasema alichofuata, na akiondoka anasema, "Haya, mimi nakwenda." Hujui hilo neno la mwisho lina uzito gani mpaka uwe umewahi kuongea na mtu aliyekwisha kuondoka.

Na wanaoniita kipofu siwagombezi, ila nawaambia napenda "asiyeona". Neno la kwanza nimelisikia mno likitumika kama tusi, hasa kwa mtu aliyejikwaa.

Sasa binti yangu yuko chuo, sokoni nakwenda na fimbo yangu nyeupe. Wiki iliyopita yule muuza mchele alinisikia nabisha, akamwambia kijana wake mgeni aliyeanza kunivuta kwa mkono, "Mwache. Mpe kiwiko ashike mwenyewe, halafu mfungulie gunia aguse." Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa kiganja, nikakisugua. Chenga zilikuwa nyingi. Nikamwambia alete gunia jingine.