Buddy haoni aibu, na ndo maana namrudia kila Krismasi

Kila mwisho wa mwaka watu wanabishana muvi ipi ya Krismasi ndo kiboko, mi ubishi huo siingii, yangu ni Elf ya mwaka 2003, ile Will Ferrell kavaa taitsi za njano na koti la kijani na kofia yenye ncha, mtu mzima na urefu wake wote ule. Kuna wanaosema ni ya kitoto. Ni ya kitoto kweli, sasa?

Stori haina mambo mengi. Mtoto yatima anatambaa anaingia kwenye gunia la Santa, anafika nalo Ncha ya Kaskazini, analelewa na vile vijitu vifupi vinavyotengeneza midoli, ndo hao wanaoitwa elf, anakua akijua na yeye ni mmoja wao japo kila kiti ni kidogo kwake, alafu ukubwani anaambiwa wewe ni binadamu, baba yako mzazi yuko New York na kwenye orodha ya Santa yuko upande wa watukutu. Anafunga safari kwenda kumtafuta. Ndo huyo Buddy.

Nikiwa mdogo nilikuwa nacheka vituko tu, anavyozunguka kwenye mlango wa kuzunguka hataki kutoka, anavyobandua chingamu zilizogandishwa kwenye vyuma vya ngazi anatafuna, anavyomwagia tambi sirapu. Sa hivi vituko bado nacheka, lakini kinachonishika ni kingine kabisa: yule jamaa haoni aibu. Hata kidogo. Anapita nje ya mgahawa mmoja wa hivi hivi, anaona bango limeandikwa hapa kuna kikombe bora cha kahawa duniani, anaingia mbio na kuwapongeza wote waliomo kwa kazi nzuri. Kaamini. Na baadaye anampeleka Jovie, yule dada anayempenda, kafumbwa macho, aionje hiyo kahawa, dada anamwambia hii kahawa ni mbaya tu, Buddy wala hatetereki.

Sisi wengine tumeshajifunza kitambo kuishi na mlango wa dharura. Ukipenda kitu unakisema kwa utani utani, wimbo ukikutoa machozi unasema et vumbi limeingia jichoni, mtu ukim-miss unamtumia katuni ya kuchekesha badala ya kumwandikia nimekukumbuka, ili siku ukichekwa uwe na pa kutokea, aa bwana nilikuwa natania. Na hii kitu inaanza mapema sana, kuna umri unafika ghafla unajua kwamba anayefurahi sana ndo anachekwa, basi unaanza kufurahi kwa kipimo, na kipimo chenyewe kila mwaka kinapungua mpaka unafika ukubwani unajikuta unapewa zawadi unayoitaka kweli kweli alafu unasema tu "asante, nzuri". Buddy mlango huo hana. Akifurahi anaruka, akimpenda mtu anamwambia, akiumia analia, basi.

Na hapo ndo naona Ferrell alifanya kazi ambayo watu hawaipi heshima yake. Huyu alikuwa ametoka kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, mwaka 2002, mchekeshaji mkubwa tayari, na wachekeshaji wengi wakiigiza mtu mjinga huwa wanakukonyeza kidogo, wanakuonyesha kwamba mimi mwenyewe siko hivi jamani. Ferrell hakonyezi. Dakika zote zile hakuna sehemu anamcheka Buddy. Angefanya hivyo mara moja tu muvi nzima ingeanguka, ingebaki komedi ya jitu limevaa taitsi.

Hata ilivyotengenezwa iko hivyo hivyo. Mkurugenzi, Jon Favreau, ule ukubwa wa Buddy mbele ya wenzake hakutaka kuutoa kwenye kompyuta, alitumia ujanja wa zamani wa kamera: seti zinajengwa kwa vipimo viwili, Ferrell anakaa karibu na kamera kwenye vitu vidogo, Bob Newhart anayecheza baba mlezi anakaa nyuma kule kwenye vitu vikubwa, kamera ikiwaona kwa pamoja mmoja jitu mwingine kibeti. Wale wanyama wa barafuni nao ni midoli inayosogezwa kwa mkono kidogo kidogo na kupigwa picha, kwa heshima ya kipindi cha televisheni cha mwaka 1964 cha Rudolph, yule mnyama wa Santa mwenye pua nyekundu. Ukiangalia vizuri unaona kabisa ni midoli. Mi napenda hivyo. Mtoto anacheza na kitu anajua ni mdoli na bado anakiamini, sijui sisi huo uwezo huwa tunauacha wapi.

Ila mtu asielewe kwamba ukweli wa moyo ni upole upole tu. Kuna sehemu Buddy yuko dukani, anapogundua Santa aliyekaa pale ni feki anamvaa, wanapigana mpaka mapambo yote chini, kwa sababu Santa anamjua na yule sio yeye. Mtu anayeamini kitu kweli anaweza kukuharibia siku, tukubali.

Sasa sehemu yangu. Ni kule mwishoni na inahusu huyo baba mzazi, Walter, kachezwa na James Caan, bosi wa vitabu vya watoto asiye na muda na watoto. Sleji ya Santa, kile chombo chake cha kuruka, imekwama bustanini, inaruka kwa nguvu ya watu kuamini, na imani imepungua duniani. Jovie, ambaye tangu mwanzo anaona aibu kuimba mbele za watu, anaanza kuimba. Watu wanadaka mmoja mmoja, mji unaimba, sleji inanyanyuka kidogo lakini hairuki. Mtoto mdogo wa Walter anamgeukia baba yake anamwambia wewe huimbi, unachezesha midomo tu.

Jamani. Kuchezesha midomo. Ni mara ngapi mtu uko kwenye furaha ya wenzio, unapiga makofi pale wanapopiga, unatabasamu kwenye picha, na sauti haitoki? Na Walter hana cha kujitetea, mtoto kamshika mchana kweupe. Basi anaimba, vibaya, kwa sauti, na sleji inaondoka. Ile sehemu najua inakuja na bado kila mwaka inanipata, na safari hii nilimwambia niliyekaa naye kwamba nalia, sikusingizia vumbi. Akaniangalia, akanipa tishu, tukaendelea.

Watu huwa wanauliza mbona hakuna Elf ya pili. Kwa alivyoeleza Ferrell mwenyewe mwaka 2021, alitengewa dola milioni 29 akakataa, kwa sababu script hakuiona nzuri na angelazimika kuzunguka kuitangaza, na akiwa mkweli angekuwa anawaambia watu hii muvi sio nzuri, nimefuata hela tu. Milioni 29 za dola. Mi taitsi ningekuwa nimeshavaa zamani.