Plasma iliyotumika au LCD mpya: nilivyoamua kwa bajeti isiyoongezeka

Televisheni yetu ya zamani ilipokufa, na fundi akathibitisha kwamba kuitengeneza kungegharimu zaidi ya thamani yake, nilibaki na kiasi cha fedha ambacho sikuwa na namna ya kukiongeza. Kiasi hicho kilinifungulia milango miwili tu: plasma iliyotumika ya inchi 50, au LCD mpya ya inchi 40 ya daraja la chini. Bei zilikaribiana, plasma ikiwa nafuu kidogo. Mtu akiangalia ukubwa peke yake uamuzi ni mwepesi, kwa sababu kioo cha inchi 50 kina eneo linalozidi lile la inchi 40 kwa zaidi ya nusu, na plasma iliyo nzima hutoa picha ambayo mpenzi wa filamu huitambua mara moja. Hata hivyo nilinunua LCD. Naeleza nilivyofika huko kwa sababu mambo yaliyonisaidia kuamua hayakuandikwa kwenye boksi lolote, na yeyote mwenye bajeti finyu anaweza kuyapima mwenyewe kabla ya kutoa fedha yake.

Nilianza kwa kujifunza jinsi kila aina inavyofanya kazi, kwani bila hilo maneno ya muuzaji huwa yote sawa. Kioo cha plasma kimejaa seli ndogo sana zenye mchanganyiko wa gesi, hasa neoni na zenoni. Umeme ukipitishwa, gesi hutoa mionzi ya urujuanimno, na mionzi hiyo huifanya fosfori, yaani unga maalumu uliopakwa ndani ya seli, ing'ae kwa rangi nyekundu, kijani au buluu. Kila seli, kwa hiyo, hujitolea mwanga wake, na pale picha inapotakiwa kuwa nyeusi seli inakuwa karibu imezimika. LCD haiko hivyo. Fuwele zake za kimiminika hazitoi mwanga hata kidogo. Kazi yake ni kujipinda ili kuupitisha au kuuzuia mwanga wa taa zilizo nyuma yake, na taa hizo kwa kawaida huwaka wakati wote. Ndiyo maana usiku wa manane kwenye filamu huonekana wa kijivu katika LCD nyingi za bei nafuu. Zile zinazouzwa kwa jina la LED ni LCD vilevile, isipokuwa taa zake za nyuma ni za LED badala ya mirija ya floresenti iliyotumika zamani.

Jambo la pili lilikuwa umri. Plasma ilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson, na ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya kuingia sebuleni ikiwa televisheni kubwa ya rangi. Panasonic, iliyosifiwa sana kwa plasma zake, iliacha kuzizalisha mwishoni mwa 2013, nao Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Kila plasma inayouzwa leo, hata ile inayong'aa kama mpya, imekwisha kutimiza miaka zaidi ya kumi. Nilisikia watu wakionya kwamba gesi yake huisha na hudai kujazwa. Hilo si kweli, kwani seli zimezibwa moja kwa moja na hakuna fundi anayezijaza. Watengenezaji walikuwa wakitaja hadi saa 100,000 kabla ya mwangaza kupungua kufikia nusu, nazo ni saa nyingi kuliko atakazotazama mtu wa kawaida. Kinachoziangusha plasma za umri huu mara nyingi ni bodi: ile ya umeme, ambayo kapasita zake (vipuri vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) huvimba, na zile zinazoziendesha seli. Vipuri vyake hupatikana kwa kuchinja televisheni nyingine iliyokufa.

Pamoja na hayo nilikwenda kuitazama, na nilikwenda nikiwa na flashi yangu. Ndani yake niliweka picha tupu za rangi moja moja, yaani nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, buluu na nyeusi, pamoja na kipande cha mpira, kipande cha filamu chenye giza na kipande cha mtu anayezungumza kwa utulivu. Ningemshauri kila mnunuzi wa televisheni iliyotumika afanye hivyo, kwa kuwa muuzaji akichagua mwenyewe cha kuonyesha, atachagua kile kinachoficha.

Filamu ilipoanza nilikiri moyoni kwamba ilikuwa nzuri. Koti jeusi la mhusika lilitengana na ukuta mweusi nyuma yake, na nilipohama kutoka katikati hadi pembeni kabisa rangi hazikubadilika. Kwenye mpira, mchezaji alipopiga pasi ndefu, mpira ulibaki duara njia nzima. Hapo ndipo ubora wa plasma ulipo: seli zake humulika kwa mapigo mafupi mafupi, hivyo jicho halishikizwi picha moja muda wote. Ile namba ya hezi 600 iliyokuwa ikitangazwa kwenye plasma ilitokana na mapigo hayo, kumi katika kila fremu, yaani picha moja, ya zile 60 za sekunde, wala haikumaanisha picha 600 tofauti.

Kisha nikaweka picha ya kijivu. Kwenye kona ya juu kulia kikajitokeza kivuli cha nembo ya kituo, hafifu lakini chenye kingo zilizonyooka, na chini kabisa mstari mpana uliokuwa mweusi kidogo kuliko sehemu nyingine, mahali ambapo maandishi ya habari hupita. Kwenye picha nyekundu vilionekana zaidi. Muuzaji alikuwa mtu muungwana, hakubisha. "Kaka, hicho kinafutika ukiitazama siku mbili tatu," alisema. Inawezekana kweli, kwa sababu vipo vivuli vya aina mbili: kile cha muda, ambacho hutoweka picha zikibadilika kwa muda fulani, na kile cha kudumu, ambacho maana yake ni kwamba fosfori ya eneo lile imechakaa kuliko ya jirani zake. Namna ya kuvitofautisha ni moja tu, kungoja. Nilimwomba aniruhusu niuache mpira uendelee tukiwa tunazungumza, na baada ya kama saa moja nikairudisha ile picha ya kijivu. Mstari wa chini ulikuwa umefifia kidogo. Nembo ilikuwa palepale, na kingo zake hazikuwa zimelegea.

Muda huohuo kipima umeme changu kidogo, kile kinachochomekwa kwenye soketi kisha televisheni ikachomekwa juu yake, kilikuwa kinafanya kazi. Plasma hula umeme kulingana na picha: kwenye filamu yenye giza kilisoma wati mia na ushei, na picha nyeupe ilipojaa kioo kizima kikakaribia wati 300. Katika matumizi mchanganyiko wastani ulikuwa karibu na 220. Kwetu televisheni huwashwa kama saa nane kwa siku, na hesabu yake ni hii: wati 220 kwa saa nane ni yuniti 1.76 kwa siku, sawa na yuniti 640 hivi kwa mwaka. LCD ya inchi 40 niliyoipima baadaye ilisoma takriban wati 55, yaani yuniti 160 kwa mwaka. Tofauti ya yuniti 480 kila mwaka, ukiizidisha kwa bei ya yuniti moja unayolipa wewe, ni sehemu ya bei ya televisheni hata kama haikuandikwa kwenye kibandiko. Kwangu mimi ilikuwa inaumeza ule unafuu wa plasma kabla mwaka haujaisha.

Lakini hata kama umeme ungekuwa bure, chumba chetu kisingeikubali. Mama yangu ndiye mtazamaji mkuu wa nyumba, na huitazama mchana, akiwa ameketi upande wa dirisha, pembeni kabisa mwa kioo. Hufuatilia kituo kimoja cha habari kwa saa nyingi mfululizo, chenye nembo isiyohama na maandishi yanayopita chini. Dirisha linatazamana na ukuta ambao televisheni hukaa. Uso wa plasma ni kioo hasa, nao hurudisha taswira ya dirisha juu ya picha. Weusi ule ulionivutia kwa muuzaji ungefunikwa na mwanga wa mchana. Mimi, ninayetazama filamu usiku taa zikiwa zimezimwa, ningeifaidi kwa saa mbili, naye angeihangaikia saa sita. Tena kituo chake cha habari kingeendelea kuchora kivuli kilekile ambacho mmiliki wa kwanza alikuwa amekwisha kukianza. Nilimshukuru muuzaji, nikaaga.

Kuamua kwamba nitanunua LCD hakukumaliza kazi, maana LCD hazifanani. Kwenye daraja la bei niliyoimudu kulikuwa na paneli, yaani vioo vyenyewe vya picha, za aina mbili hasa. Paneli za VA huzuia mwanga vizuri, na utofauti wake kati ya nyeupe na nyeusi hufika 3000 kwa 1 au zaidi, ila ukizitazama kutoka pembeni rangi hupauka. Paneli za IPS hubaki na rangi zake hata ukiwa pembeni, lakini utofauti wake ni kama 1000 kwa 1, hivyo weusi wake gizani ni kijivu. Boksi mara nyingi halisemi ni ipi. Niliitambua kwa kusimama katikati, kisha kutembea taratibu hadi pembeni huku nikitazama uso wa mtu kwenye kioo: kwenye VA uso ulianza kupauka nilipofika mahali ambapo mama angekuwa ameketi, na kwenye IPS haukubadilika sana.

Wanaoandika kuhusu televisheni wengi huipendelea VA, nami ninakubaliana nao kwa chumba chenye giza na watazamaji wanaoketi mbele. Kwetu nilichagua IPS bila kusita. Mchana, mwanga wa chumba ndio unaoamua weusi utaonekana vipi, na faida ya VA huyeyuka. Kinachobaki ni pembe ya kutazamia.

Dukani niliomba mambo mawili. La kwanza ni kuitoa televisheni kwenye hali ya duka na kuiweka kwenye hali ya nyumbani, kwa kuwa zote zilikuwa zimewashwa kwa mwangaza wa juu kabisa na rangi kali za buluu. "Hapa tunaziweka hivi zipendeze," mhudumu aliniambia kwa uwazi, kisha akaibadilisha. La pili ni kufungua ile nitakayoichukua na kuiwasha kabla ya kulipa, nikaweka picha nyeusi na kuikinga kioo kwa kivuli cha mlango wa stoo, nikatafuta mwanga unaovuja kwenye kona na nukta zilizokufa. Ya kwanza ilikuwa na doa la mwanga kwenye kona ya chini, ikabadilishwa. Namba kubwa kubwa za kasi ya picha zilizoandikwa kwenye maboksi sikuzijali, kwani paneli za daraja hili huwa za hezi 50 au 60, yaani picha 50 au 60 kwa sekunde. Wala sikulipia 4K, yaani kioo chenye nukta nyingi zaidi. Tunaketi mita tatu kutoka kwenye kioo, na kwa inchi 40 zenye nukta 1920 kwa 1080, jicho zima la kawaida haliwezi kuzitenganisha nukta likiwa mbali zaidi ya mita 1.6 hivi. Fedha hiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Nyumbani niliiweka kwenye hali ya sinema, nikapunguza ukali wa kingo karibu na sifuri, nikazima kisafisha picha kinachofanya nyuso ziwe kama za nta, kisha nikashusha taa ya nyuma hadi macho yalipotulia usiku, na kuipandisha kiasi kwa ajili ya mchana. Kipima umeme kikashuka kutoka wati 55 hadi karibu 40 kwenye mpangilio wa usiku. Mama hulisoma lile andiko la chini akiwa kwenye kiti chake, bila kusogea.

Ule ukijivu wa usiku niliutafutia dawa ya bei ndogo. Nilifunga ukanda mfupi wa taa nyeupe nyuma ya televisheni, ukimulika ukuta na si macho, wenye rangi ya mwanga ya takriban kelvini 6500 ili usipotoshe rangi za picha, na mwangaza wake nikaushusha mpaka ukuta uonekane tu. Jicho likiwa na mwanga kidogo wa kulinganisha nao, kijivu kilekile huonekana cheusi zaidi, na uchovu wa kutazama gizani hupungua. Haifikii plasma ile, lakini imenirudishia filamu zangu. Kisichokuwa na dawa ni mpira: pasi ndefu bado huacha mkia mfupi nyuma yake, na paneli ya hezi 60 ya bei hii haina cha kuuondoa. Niliuona dukani kabla ya kulipa, na niliukubali pamoja na bei.