Kivuli cha baraza kilichokuwa kikiraruka pembe: hatimaye kimetulia

Baraza letu hapa Kisauni linaelekea magharibi, kuanzia saa tisa alasiri halikaliki. Nikashona kivuli kwa mabaki ya pazia na vipande vya jinzi. Siku ya tatu upepo wa kusi ukapasua pembe mbili.

Nilirudia kushona kwa uzi maradufu, bure. Nikatia vipete vya chuma vya kupitishia kamba, vikang'oka na kitambaa chake.

Kilichofaa ni hiki. Nilikunja pindo upana wa vidole vitatu, nikapitisha kamba ya nailoni ndani yake pande zote nne, na kila pembe nikaacha kitanzi kitokeze nje. Sasa kinachovutwa ni kamba, si kitambaa. Pembe nikazitia kiraka cha jinzi. Kisha, na hapa ndipo penye siri, sikukifunga kitanzi kwenye msumari moja kwa moja: nilikata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa kidole, nikauunga katikati. Upepo ukivuma mpira unanyooka, ukitulia unarudi. Jamani, tofauti yake! Upande mmoja niliushusha shubiri mbili, maji ya mvua yateremke.

Wiki ya sita hii, hakuna mshono uliofumuka. Saa kumi mama anakuna nazi pale pale barazani.