Karanga Alizozitupa Bibi

Mwaka 1999, likizo ya mwezi wa sita, nilikuwa kwa bibi, wilayani Kongwa. Mjomba alikuwa anakuja kutoka Dodoma mjini na kitoweo hakikuwepo. Kuku aliyebaki alikuwa ameatamia. Bibi akanipa ungo. "Menya karanga, mjukuu wangu. Leo tunaunga kunde."

Nilimenya mpaka vidole vikauma. Kisha bibi akakaa mlangoni penye mwanga na kuanza kuchagua: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu hata kidogo, zote pembeni. Kopo zima likaishia shimoni, na kuku wa majirani wakafukuzwa wasizidonoe. Iliniuma sana, maana nilijua alivyoinama shambani kuzing'oa.

"Bibi, si tuzikaange tu pamoja? Nani atajua?"

"Atajua atakayekula."

Zilizobaki tukazikaanga kwa moto mdogo, tukazipeta maganda, nikashika mchi. Kwanza unapata unga. Ukikazana unashikana mabonge, halafu mafuta yanaanza kung'aa kwenye kinu, na hapo ndipo harufu inapotoka nje hadi kwa majirani. Bibi hakunisaidia kutwanga hata kidogo. Alinionyesha tu namna ya kuuponda kwa maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, hadi uwe kama uji mzito, ndipo tukaumimina kwenye kunde zilizokwisha kuiva na kitunguu na nyanya. Akanikataza kuondoka jikoni: karanga huchemka na kupanda ghafla kama maziwa, na chini zinashika. Nikakoroga mpaka mafuta yakaelea juu.

Mjomba alikula na ugali wa uwele, akaongeza mara mbili. Alipouliza nani amepika, bibi alininyooshea mimi kidole. Sijasahau uso wake.

Mwaka 2016, bibi akiwa ameshafariki, zikaja habari za sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kuua watu Dodoma na Manyara. Safari ile ilikuwa kwenye mahindi, lakini wataalamu walitaja na karanga, wakasema ile sumu haiondoki kwa kupikwa. Nilikuwa na kilo moja niliyoinunua soko la Majengo. Nikaimwaga kwenye ungo, nikakaa mlangoni, nikachagua moja moja hadi jua likazama. Nilizozitoa nilizifukia. Sikuwapa kuku.