Siku moja maishani mwangu: mshauri wa biashara asiye na benki

Saa 11 alfajiri

Ninaamshwa na madumu. Vijana wa jirani wanashuka ziwani kuchota maji, na yale madumu matupu yanagongana juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, mpaka mtaa mzima unajua kumekucha. Zamani niliamshwa na simu, nikavaa viatu vya ofisini nikaenda benki. Miaka 9 nilikaa kwenye dirisha la mikopo midogo. Vita vilipoingia mjini kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa. Nilibaki na mashine ya hesabu, viatu visivyofaa kwenye mawe haya ya volkano, na mazoea ya kumuuliza kila ninayekutana naye: kwa wiki unaingiza ngapi?

Swali hilo siku hizi nawauliza kina mama wenye biashara ndogo, bure, siku tatu kila wiki. Nauli ya pikipiki natoa mwenyewe. Mume wangu anasema ndiyo mara ya kwanza ameona mtu anakatwa mshahara asiopokea.

Saa 12 na nusu, Kituku

Mitumbwi imesharudi. Sambaza, samaki wadogo kama dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo anayechelewa hapa saa 1 anakuta mabaki. Samaki huyu si mwenyeji wa ziwa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwambie hivyo muuzaji wa Kituku uone atakavyokucheka.

Mama Sambaza (ndivyo kila mtu anavyomwita, nami pia) ananisubiri na noti ya dola 20. Ananionyesha pembeni: imechanika kidogo tu, urefu wa punje ya mchele. Basi, hiyo si pesa tena. Kwetu dola iliyochanika hata mtoto anaikataa. Wapo wabadilishaji wanaozinunua noti mbovu, na mmoja amemwambia atampa 16. Dola nne kwake ni faida ya siku mbili.

"Mteja alinipa jioni, yaya, giza lilikuwa limeingia." (Yaya kwetu ni dada mkubwa.)

Nilikuwa na ushauri tayari mdomoni: angalia noti kwenye mwanga kabla hujapima samaki. Nikaumeza. Huyu mama ameshika noti nyingi kuliko mimi. Nikamuuliza badala yake kwa nini wateja wake wengine wasimlipe kwa simu. Akasema wapo wanaotaka, lakini yeye hakubali, kwa sababu akienda kutoa pesa kwa wakala anakatwa juu ya makato ya kawaida. Ni kweli. Noti zimekuwa adimu, na mwenye noti ndiye anayepanga bei yake.

"Na mwenye mtumbwi anayekuuzia samaki, umeshamuuliza kama anapokea kwa simu?"

Hakuwa amemuuliza. Tukamfuata, anakunja nyavu zake, hana haraka hata kidogo. Akakubali nusu kwa simu, nusu mkononi, kwa sababu mafuta ya taa naye analipia kwa simu. Ile nusu haitapita kwa wakala yeyote. Noti ya 20 ilibaki vilevile, imechanika, imefungwa kwenye pindo la kitenge. Sikuwa na dawa yake.

Saa 3, Birere

Hapa ndipo ninapolipwa. Naandika hesabu za depo ya mchele mpaka saa 5. Mchele uliingia, mchele ulitoka.

Saa 5 na nusu, Buhene

Motari, dereva wa pikipiki, ananishusha pale lami inapoishia. Tarehe 22 Mei 2021 moto wa volkano ya Nyiragongo ulishuka ukasimama huku Buhene, na nyumba ya mama ninayemfuata ikafukiwa pamoja na beseni, karai na mfuko wa unga uliokuwa haujafunguliwa. Akajenga nyumba ya mbao, akaanza upya. Januari akakimbia tena, akarudi, akaanza mara ya tatu. Ndiyo maana sipendi watu wanaofika hapa na kuanza kwa kuwafundisha kina mama maana ya kuthubutu.

Anapika mandazi. Tatizo lake: kila siku anauza, kila Jumamosi hana pesa ya unga. "Kapitale njo batoto balikula," anasema, yaani mtaji ndio watoto waliokula, huku watoto wenyewe wakitutazama.

Tukakaa juu ya mawe tukahesabu. Unga kilo 5, faranga 10,500. Mafuta 4,000. Sukari 1,500. Hamira 500. Jumla 16,500.

"Na makala?" Yaani makaa ya kupikia.

"Makala si ya biashara. Ni ya nyumbani."

"Unaanza kuwasha saa ngapi?"

"Saa 10 usiku."

"Nyumbani nani anakula saa 10 usiku?"

Akacheka. Tukaandika makala, 2,000. Sasa gharama ni 18,500. Kilo 5 zinatoa mandazi 110, na kila moja ni faranga 200, kwa hiyo zote zikiuzwa ni 22,000. Lakini hauzi zote. Kila asubuhi 12 zinaliwa na watoto. Zinabaki 98, yaani 19,600. Faida aliyokuwa anaiona kichwani ni 3,100. Iliyopo ni 1,100, na akiunguza dazeni moja tu, hata hiyo haipo.

Hapo mtu wa benki aliyelala ndani yangu akaamka. Nikasema hizo 12 ndizo zinazokula mtaji, watoto wapewe kitu kingine. Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mgeni aliyekalia kiti cha marehemu.

"Wakiacha mandazi watakula nini, yaya? Daftari lako?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye mashine. Andazi moja linamgharimu kama faranga 168 kulitengeneza. Kumi na mbili ni 2,000 na kitu. Mkate wa kuwashibisha watoto wanne asubuhi ungemgharimu zaidi. Kwa hiyo hizo 12 ni mshahara wake, analipwa kwa mandazi. Tukaziandika hivyo, mstari wake peke yake: *mshahara, 12*. Kilichohitaji kubadilika kilikuwa makala. Jirani yake anapika maharage ya kuuza kuanzia saa 12, na jiko la mandazi wakati huo bado lina moto mzuri. Wakichangia mfuko mmoja wa makala, 2,000 inakaribia kuwa 1,000. Atamuuliza leo jioni. Akikataa, tutatafuta pengine.

Saa 8

Sombe (kisamvu) na bugali, mkono mmoja. Mkono mwingine uko kwenye simu: binti fundi cherehani anauliza kama ni lazima mume asaini ndipo afungue biashara kwa jina lake. Hapana. Ruhusa ya mume iliondolewa kwenye sheria ya familia Julai 2016. Anasema afisa wa mtaa amemwambia vingine. Namwambia aende tena kesho, nitakuwa naye.

Saa 9 na nusu, Majengo

Hili ndilo nililokuwa nalisubiri tangu asubuhi.

Kikundi cha akiba, wanawake 24, wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Januari, risasi zilipoanza, mweka hazina alilifunga sanduku mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akalala nalo siku nne kwenye nyumba ya dada yake. Funguo mbili zilirudi. Ya tatu ilipotea kwenye kukimbia, na mwenyewe sasa yuko Uganda, kambini Nakivale. Miezi minne sanduku limekaa chini ya kitanda, pesa ya watu ndani.

Leo linakatwa. Mimi nimeitwa niwe shahidi. Nikadai kwanza iandikwe hati na kila mmoja asaini, na wasiojua kuandika walipaka dole gumba wino wa biki, yaani kalamu, wakabonyeza. Halafu tukampigia yule wa Nakivale, simu sauti kubwa, katikati ya mkeka.

"Kateni!" alisema. "Hisa zangu 17 mnitumie kwa simu."

Kijana wa gereji akaleta msumeno wa chuma. Dakika kumi nzima, mlio unaouma meno, hakuna aliyeongea. Kufuli likaanguka. Ukatoka unyevu, harufu ya noti zilizolala. Tukazitandaza kwenye kitenge, za 500 zikiwa laini kama majani yaliyochemshwa, tukahesabu mara mbili. Daftari linasema 1,386,500. Mkeka unasema 1,386,000.

Kimya. Faranga 500 haifiki hata mandazi matatu, lakini mweka hazina alikuwa ameanza kutetemeka midomo. Akahesabu mara ya tatu. Akafunua daftari ukurasa wa mwisho wa Januari, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kisha akasimama ghafla ameinua kidole gumba chake cha buluu.

"Biki! Siku ile nilituma mtoto kununua biki!"

Nikaipokea ileile, nikaandika: biki, 500.