Wazee wote wa Ngamiani wamezaliwa Januari mosi?

Nilipopewa kazi ya kuunganisha mfumo wa mapokezi na wa maabara kwenye kituo kimoja cha afya hapa Ngamiani, Tanga, kila mjuzi alikuja na lake. Mmoja akasema nibebe majibu kwa flashi kila jioni. Mwingine akataka milioni kadhaa za "kuunganisha". Nikawashukuru, nikaingia kwenye FHIR, kanuni za kimataifa za mifumo ya afya kupeana taarifa, toleo la R4 la mwishoni mwa 2018. Nyaraka zake zinasomwa bure, HAPI, programu ya seva inayofuata kanuni hizo, nayo bure. Hela yangu ililiwa na bando.

Kusimamisha seva si habari. Habari ni tarehe za kuzaliwa.

Bibi anafika mapokezi: "Mwanangu, mimi wa sitini na moja, siku aliijua marehemu mama." Fomu haikubali nafasi wazi, basi karani anagonga 01/01/1961. Mpaka hapo ukitafuta Zainabu Juma wa tarehe hiyo unapata wawili watatu, na majibu ya malaria ya huyu yako mbioni kuingia faili la yule. Yule mjuzi wa milioni akanishauri niache hivyo hivyo, eti kompyuta haijali. Daktari je?

Kumbe FHIR inapokea mwaka peke yake: kwenye birthDate, sehemu yake ya tarehe ya kuzaliwa, unaandika "1961", imetosha. Sasa utamjuaje aliyezaliwa Januari mosi ya kweli? Hapa ndipo najipongeza. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, inaanza na tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nane za mwanzo, mwaka kwanza. Nikaandika programu fupi ilinganishe: zikilingana, tarehe inabaki nzima; zikipishana, jina linaenda kwa karani ahakiki; asiye na NIDA anabaki na mwaka tu. Watoto hawakuwa na NIDA, kwao tulifunua kadi za kliniki moja moja. Wahudumu walininunia, ila chai na mahamri nililipa mimi.

Me na Ke kuzigeuza male na female, herufi ndogo zote, ni kazi ya dakika. Majina matatu yaandike pia kamili kwenye text, sehemu ya jina zima, usihangaike sana lipi ni la ukoo.

Siku ya kuwasha, skrini ya maabara ikapokea "1961" na sehemu ya umri ikaandika NaN, yaani "si namba". Nikampigia aliyeitengeneza.

"Kaka, jazia tu Januari mosi."

Nikakata simu, hesabu ya umri nikaiandika upya mwenyewe.