Mwavuli uliopinduliwa: nilivyochora mifupa ya soko langu

Mradi wangu wa mwaka wa tatu wa usanifu majengo ulikuwa soko dogo la mboga Tandale, Dar es Salaam, na wazo la paa nililiiba mchana kweupe: ile miamvuli ya zege ya Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970. Kuiga umbo hakukunisumbua. Shughuli ilianza mhadhiri alipotaka mchoro wa pande tatu unaoonyesha mifupa ya jengo, yaani nini kinabeba nini.

Nilichokuwa nacho ni picha nzuri tu. Vivuli, anga la buluu, mama lishe na sufuria zake. Nikamwonyesha mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kufunga mbao za kumwagia zege.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Imependeza hii. Sasa boksi lake, yaani mbao za kushikilia zege, nalifungaje? Na mvua ya masika ikijaa humo juu, maji yanatokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Miamvuli ya Kariakoo hukinga mvua na kuyateremsha maji. Wangu ulikuwa bakuli.

Nikarudi geto, nikazima kompyuta, nikatafuta vijiti vya mishikaki na uzi. Nilishasoma kuhusu msanifu Félix Candela, aliyejenga miamvuli ya namna hii Meksiko miaka ya 1950, ila kusoma na kushika ni mambo mawili. Mwavuli mmoja ni robo nne. Kila robo ina kona nne: tatu ziko juu, moja, ile ya katikati penye nguzo, iko chini. Gawa pande mbili zinazotazamana sehemu sawa, kisha unganisha alama kwa nyuzi zilizonyooka. Sehemu ya ajabu ni hii: kila uzi umenyooka, lakini ukiziangalia zote pamoja unaona paa limepinda. Kumbe hata boksi hufungwa kwa mbao zilizonyooka! Swali la kwanza la mjomba likawa limejibiwa na vijiti vya mia mia.

Kwenye SketchUp, programu ya kuchora pande tatu, nikafanya vilevile. Mwavuli wa mita 6 kwa 6, kwa hiyo robo ni mita 3 kwa 3, kila upande nikaugawa mara 10. Hapo programu ikagoma: vyumba vidogo vya wavu havikuwa bapa, na SketchUp haitengenezi uso kwenye pointi nne zisizolala pamoja. Nikapitisha ulalo katika kila kimoja, vikawa pembetatu 200 kwa robo, halafu nikaificha milalo ili ibaki mistari ya mbao peke yake. Robo nikaitengeneza mara moja tu kama komponenti, yaani kipande ambacho ukikibadilisha nakala zake zote hubadilika, na kuizungusha mara nne. Nilipoongeza kina cha mwavuli baadaye, miamvuli yote tisa ilibadilika yenyewe. Bila hiyo komponenti ningelia.

Kisha nikapoteza siku nzima kwa ujinga. Nilizima perspektivu, ile inayofanya vya mbali vionekane vidogo, nikachagua isometriki, mtazamo wa kutoka juu pembeni usiopunguza vya mbali, kwa sababu kila mtu darasani anaitumia. Mchoro ukawa fujo. Katika isometriki, paa la mraba ulalo wake mmoja husimama wima kwenye karatasi, na nguzo nayo imesimama wima. Basi nguzo, kitovu na kona mbili za paa vyote vikaangukia mstari mmoja. Nikaizungusha plani, yaani ramani ya jengo, digrii 30 upande mmoja na 60 upande wa pili, kila kitu kikaachana.

Bado paa lilikuwa linaifunika nguzo. Nikageuza jicho, nikalitazama jengo kutoka chini ya ardhi, kama panya. Mfaransa Auguste Choisy alichora hivyo katika historia yake ya usanifu ya mwaka 1899, na kwa jengo ambalo mambo yake yote yako darini sioni njia bora. Msingi mbele, nguzo, kisha mwavuli umefunguka juu yako. Nikaviachanisha kwa mistari ya nukta, nikachora bomba la maji ndani ya nguzo kwa buluu. Rangi moja tu. Mama lishe nikamfuta, anisamehe.

Uchapishaji ulikuwa na kisirani chake: nakala ya kwanza ya karatasi kubwa ya A1 niliitoa kama picha, mistari ikatoka ukungu. Ya pili nikaitoa kwa PDF, kingo za zege mistari minene, za mbao myembamba.

Nikapita nayo kwa mjomba asubuhi ya kuwasilisha. Akaitandaza juu ya mbao, akahesabu mistari ya robo moja kwa kidole, kumi na mmoja, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akachomoa penseli sikioni na kabla sijasema neno akachora ringi na nondo, vyuma vya ndani ya zege, kuzunguka bomba langu.

"Umelipitisha bomba, nondo hujaziachia nafasi. Nenepesha nguzo."

Muda wa kuchapisha nyingine haukuwepo. Nikaibandika ukutani hivyohivyo, na penseli yake.